Nyuzi Kumi na Nane Chini ya Sifuri

Tynset, 27 Mei

Dada Solfrid,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti limeshazizoea ngazi za huko Trondheim. Sisi huku wazima. Theluji imebaki vilimani tu, mke wangu Berit anapanda viazi, nami nimeota kitambi kiasi kwamba mkanda wa risasi wa marehemu baba umeanza kunikana. Cheka, ndiyo maana nimekwambia.

Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu ungenikatiza, nami ningefurahi kukatizwa.

Umeniandikia kwamba Ijumaa ijayo utaipeleka bunduki ya baba polisi ikapondwe, maana uliiharibu mwenyewe na hutaki imuumize mtu. Tafadhali, usiipeleke. Soma kwanza hadi mwisho, kisha unitukane.

Unaikumbuka ile Julai, miaka mitatu iliyopita, siku ya jaribio la shabaha, lile ambalo asiyelifaulu haruhusiwi kuwinda wale kulungu wetu wakubwa, elgi. Joto nyuzi ishirini na tisa, hata Torgeir, kiongozi wetu wa msako, alivua sweta. Tulikaa kivulini na kahawa saa nzima, na risasi nilizokutengenezea kwa mikono yangu zikabaki garini, nyuma ya kioo cha mbele, zikiota jua. Ulipofyatua ya tatu, komeo la bunduki liling'ang'ania, na moshi wa moto ukarudi nyuma na chembe za chuma zikakuchana juu ya jicho. Torgeir aligonga komeo kwa ukuni mpaka likaachia, akauliza kulikoni. Kabla hujafungua mdomo, mimi nikadakia, "Dada, mafuta ndani ya mtutu uliyafuta kweli?"

Ukasita. Yeyote angesita. Torgeir akasema, "Mama wee, tunawinda elgi, hatukaangi samaki!" Watu wakaangua kicheko, nawe ukacheka nao, damu ikikushuka shavuni. Mimi nilicheka kuliko wote.

Agosti ulijaribu tena mara mbili, na mara zote mbili nilikuona ukifumba macho kabla ya kufyatua. Ukashindwa. Ukamwambia Torgeir kituo cha baba cha kuvizia pale kinamasini anipe mimi, ukahamia mjini. Nimekaa pale vuli tatu. Nimeangusha elgi wawili, mmoja dume mwenye pembe kama mabeleshi, na nilipokuletea fungu lako la nyama ulinishukuru kwa kadi yenye maua. Kadi ile iko kwenye droo ya soksi. Siwezi kuiangalia wala kuitupa.

Hapakuwa na mafuta, dada.

Risasi zile nilizipima Februari, nje ya banda, nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Kitabu cha vipimo vya baruti kiliahidi risasi itakimbia mita mia nane kwa sekunde. Kifaa changu cha kupima mwendo kilisoma mia saba sitini na tano. Baruti ikiwa baridi huwaka kivivu, najua, hata wenzangu huwa nawafundisha. Ila nilitaka kuiona ile mia nane. Nikaongeza baruti kidogo kidogo, nikavuka kikomo cha kitabu, na mia nane ikatokea, nikajizawadia kipande cha keki. Kwenye baridi ile zilikuwa risasi tulivu. Kwenye jua la Julai baruti ile ile ikaja na hasira yote.

Nilijua jioni ile ile. Niliokota ganda lako, fataki ya kitakoni imebapa na kutoboka, dalili ya baruti kuzidi, nikafungua daftari langu. Wakati huo nyumba yako ilikuwa mwendo wa dakika kumi. Nikanawa mikono, nikala.

Jumapili iliyopita niliwaambia wenzetu wote kwenye kibanda cha wawindaji. Torgeir aliweka kikombe chini. "Miaka mitatu namcheka mtu siye, Sjur. Na wewe unanimiminia kahawa!" Baadaye akasema kituo cha kinamasini ni chako, na mimi nitabeba matumbo ya mawindo. Nimekubali. Nilipotaka kukufikishia samahani zake alikataa. Atakuandikia mwenyewe, hataki zipitie mikononi mwangu.

Ndani ya bahasha kuna ukurasa nilioung'oa kwenye daftari. Tarehe ipo, baridi ipo, kipimo kipo, na pembeni nimeandika kwa majigambo: *Zawadi ya Solfrid.* Bunduki mpelekee fundi wa huko aikague kwanza. Neno langu usilitegemee. Jaribio ni tarehe 13 Juni, asubuhi kabla ya jua kali. Sitakuja, ila ukinitaka.

Berit anakusalimu sana. Naye ameyajua haya Jumapili, na tangu siku hiyo ananipa viazi bila mchuzi.

Ni mimi mdogo wako, ninayekuonea haya,
Sjur

Tena: nilimwomba Torgeir akununulie risasi za dukani. Sanduku liko kwake, kivulini. Mimi sijaligusa.