Kopo Zima la Tumbaku

Nachingwea, Jumanne, Novemba 1950

Hata kiko leo kimenikataa. Nakiwasha, kinazimika, nakiwasha tena, kinazimika. Tumbaku hii ya kopo ina unyevu, majani meusi yamechanganywa na ya kahawia, inanukia kama zabibu kavu. Haikwangui koo kama ile ya kusokota tunayoletewa kutoka kwetu Likunja. Unavuta na bado hujavuta.

Mke wangu katoka jikoni akinusanusa. "Baba Hadija, umechoma nini? Nyumba nzima inanuka biskuti!"

Nimemwambia ni zawadi ya Bwana, yule Mzungu wetu wa karakana ya matrekta. Akafurahi. "Basi anakupenda."

Nimeligeuzageuza kopo mkononi. Siku zote Bwana hunimiminia kidogo tu kiganjani, kopo linarudi mfukoni mwake. Leo kanipa kopo zima, halijafunguliwa, na mkono akanipa. Nilipomuuliza vipuri vya matrekta vitafika lini, akatazama viatu vyake.

Watu wanasema shamba hili la karanga tunalofanyia kazi litafungwa. Mimi ndiye niliyekuwa nawabishia.

Baba alipokwenda kukata mkonge, alimwachia baba mdogo kifuko chake chote cha tumbaku. Mama alipokiona tu, akajua harudi karibuni, akaanza kulia.

Sasa Mama Hadija anataka kopo likiisha atilie chumvi. Nimemwambia achukue hata sasa. Nimerudi kwenye ile ya Likunja. Inaniwasha koo, lakini afadhali niizoee tena, maana huenda nikaenda kuilima mwenyewe.