Video ya Nne Niliyoifuta

Mama mshauri,

Mimi ni mchuuzi wa viazi hapa Butembo, nakusikiliza redioni kila Jumamosi unapowagombeza wenzangu, na leo ni zamu yangu kugombezwa, maana nimefanya jambo ambalo hata mume wangu sijamwambia. Binti yangu Tamar, mwenye miaka sita, atapasuliwa ngiri wiki ijayo, na muuguzi mmoja wa hospitali anaitwa Gracien, mtu mwenye moyo mzuri sana, alinitumia kwenye WhatsApp video nne alizojirekodi mwenyewe ili mtoto azoee mapema, ya kwanza mlango na kitanda, ya pili sindano, ya tatu dawa ya usingizi, na ya nne chumba cha upasuaji, na humo wote wamejifunika kichwa, uso na mikono, yamebaki macho tu, na mimi nilipoyaona yale macho nilitetemeka, kwa sababu mwaka 2018 kule Mangina watu waliojifunika hivyo hivyo walimchukua mama yangu aliyekuwa na Ebola na sikumwona tena, basi nikaifuta kabla Tamar hajaiona.

Hizo tatu, mama, amezishika zote! Kila jioni anakusanya watoto wa parseli, yaani ua tunaokaa na majirani, anamlaza mwanasesere wake juu ya gunia na kumwambia, “Hapana ogopa. Batakuchoma sindano, itauma kidogo, unahesabia mupaka tano, kisha inaisha.” Majirani wanamwita Docteur, na mimi napita katikati yao kichwa juu, utadhani ni mimi niliyesomea.

Lakini Gracien anasema mwanzoni mwa kila video ni ya ngapi kati ya nne, na mtoto huyu anajua kuhesabu. Jana aliniuliza mbele ya watu, “Mama, ya ine iko wapi?” Nikamjibu, nikiusingizia mtandao wa simu, “Réseau ilikatika.” Sasa nimwonyeshe, aogope na kukataa kupasuliwa, au nimwache ayakute yale macho siku yenyewe? Nisaidie.

Mama Tamar

*

Mama Tamar,

Kwanza pokea pongezi. Wapo watoto wanaoingizwa hospitalini wakipiga mateke, wamebebwa na watu watatu, na wako anafundisha parseli nzima! Ni wewe uliyekaa naye na simu, ukarudia na kurudia. Jivune, una haki.

Haya, sasa kaa chini tuhesabu pamoja. Mama yako alichukuliwa 2018. Tamar ana miaka sita. Alikuwa hajazaliwa! Yale macho yanakutisha wewe. Pole sana, na ninaisema kwa moyo wote, maana kumpoteza mzazi hivyo ni kidonda kisichopona haraka. Lakini kidonda hicho ni chako, usimpe mtoto akubebee.

Na hiyo réseau yako! Mtoto anayehesabu vizuri hivyo unamdanganya kirahisi namna hiyo? Sindano aliikubali kwa sababu aliambiwa ukweli kwamba itauma. Akiwakuta wale watu kwa ghafla, atajua kuwa mama alijua akanyamaza, na kuanzia hapo ukimwambia “hapana ogopa” hatakuamini.

Leo hii mpigie Gracien, mweleze ulichofanya, aitume tena. Mwombe arekodi na nyingine fupi: aanze uso wazi, ataje jina lake, ajifunike polepole, kisha ajifunue tena acheke. Halafu mwambie Tamar, “Nilikudanganya. Réseau haikukatika, ni mimi niliogopa.” Mweleze na habari za bibi yake, kwa maneno machache. Hatavunjika.

Video ikianza, mpe yeye simu aishike. Wewe kaa chini na wale watoto, pale karibu na mwanasesere, na yale macho yakitokea, ukitetemeka, usijifiche. Docteur wako yupo hapo. Atakushika mkono na kukuambia uhesabu mpaka tano.