Mwenye Mgonjwa

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Fundi Pindo, ndivyo ninavyojulikana. Umri: miaka 41. Kazi: fundi cherehani, nashona sare za shule. Makazi: chumba cha uani, nyuma ya soko kuu. Uhusiano na mlalamikaji: dada yake, tumbo moja.

Kaka yangu ndiye aliyeniandikisha kuwa shahidi wake. Analalamika kwamba daktari alimtoa mkewe mimba bila ridhaa.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, saa nne asubuhi, wifi alinipigia simu nikiwa kwenye cherehani. Alisema chupa imepasuka na mwili unamchemka. Mimba ilikuwa ya miezi mitano. Nilimpeleka hospitali kwa teksi. Kaka alitukuta wodini, na mama mzazi wa wifi akafika nyuma yake.

Daktari alimpima, akatuambia mtoto hataishi hata tukisubiri, na mimba isipotolewa siku hiyo tutampoteza na mama.

Kaka akauliza, "Moyo wa mtoto unapiga?"

"Bado unapiga."

"Basi hamgusi mtu."

Daktari akauliza, "Mwenye mgonjwa ni nani?"

Kaka akasema, "Mimi. Nimemuoa."

Mkwewe akasema, "Nimemzaa mimi. Wewe umemkuta mkubwa."

Wakavutana hapo hapo kitandani, kila mmoja mwenye mgonjwa. Nesi alimuuliza kaka mkewe ana miaka mingapi. Kaka akanitazama mimi.

Nilikuwa upande wa kaka. Kutoa mimba sikubaliani nako, na hata leo sijabadilika. Nilimwomba daktari tuvute subira, pengine homa itashuka.

Ndipo wifi akasema, "Mgonjwa ni mimi. Mbona mnaulizana nyinyi?"

Daktari akainama, akamweleza upya, taratibu. Wifi akauliza kama mtoto ataumia. Daktari akasema hapana. Wifi alilia sana, kisha akajifuta kwa shuka. "Nitoeni. Nimeamua mwenyewe, nina akili zangu timamu. Wifi, umenisikia?"

Nikajibu nimesikia.

Kaka alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Anaposema alikuwa nje amekwenda kununua dawa, si kweli. Dawa nilinunua mimi.

Wifi yuko kwangu. Amepona mwili, ila chakula anakichezea tu na usingizi hapati. Jana kaka alikuja akanililia, akasema amezika mtoto na sasa dada yake anataka kumtia aibu. Namwonea huruma, na yeye amefiwa. Lakini siwezi kusema sikusikia.

Hayo ndiyo ninayoyajua, na nimeyasema kwa hiari yangu.

Sahihi ya shahidi: Fundi Pindo

Maelezo ya afisa wa polisi: Nimemsomea shahidi maelezo haya, amekubali ni sahihi na ametia saini mbele yangu. Mlalamikaji anamsubiri kwenye benchi la mapokezi. Shahidi ameuliza kama kituo kina mlango mwingine wa kutokea. Hakina.