Kibla cha Baba

Dada yangu Buthaina, salamu zangu zikukute mzima huko Dameski.

Zabibu zako zimefika huku Mansura, ingawa wenye ngamia wamezionja njiani, wezi wakubwa! Baba amekumbatia kikapu, hata wajukuu hawagusi. Homa ya safari imemwisha, na kula anakula.

Ila akisimama kusali anaelekea kusini, kama huko nyumbani. Hapa Sindi Makka iko magharibi. Mwanzoni tulicheka.

“Baba, umeipa Kaaba ubavu!”

“Nimesali miaka sitini, leo wewe ndiye wa kunifundisha?”

Basi kila siku namshika mabega, namgeuza taratibu.

Jana nilipomgeuza alinitazama sana, akanipapasa shavu. “Ahsante, kijana. Una adabu. Nami nina mwanangu, jeshi lilimpeleka Sindi. Ukifika huko, mwambie babake anamngoja.”

Nikamjibu nitamwambia.

Usilie, dada. Tuma zabibu nyingine, hata wakiiba nusu. Akila zabibu hizo, huniita kwa jina langu.

Mdogo wako Humaidi,
kijana mwenye adabu.