Betri Sita za Kigari cha Kilimani

Jumanne, 7 Mei 2024

Kamati ya zahanati ya parokia yetu imenipa kazi ninayoiweza: kuandika taarifa ya kukizika kigari cha gofu. Zawadi ya wafadhili ambao labda walidhani Muleba tuna viwanja vya gofu. Miaka mitatu kimepandisha wajawazito kutoka barabarani hadi wodini, kwenye njia ambayo gari la wagonjwa haliingii. Sasa betri zake sita zimechoka. Mnunuzi wa chakavu anakuja kutoka Kemondo Jumapili, baada ya misa.

Kurasa nne, kali. Tumegeuzwa jalala la Ulaya, na kadhalika. Nimesaini.

Jioni Jesca, binti wa marehemu kaka, amepita. Mimba ya miezi minane, presha juu, ameambiwa asipande mlima. "Baba mdogo, mkikiuza, mimi nitafikaje juu?" Nikasema machela zipo. Akatazama tumbo lake, kisha akanitazama mimi. Akaaga.

Jumatano, 8 Mei

Nimekwenda kuziona maiti kabla ya mazishi. Kwenye banda la kigari yupo Gaudensia — mjane, mpika enkonyagi, pombe yetu kali ya ndizi, yule niliyemshambulia gazetini kwa kulewesha vijana. Kumbe ndiye mtunza kigari. Fundi Machibya alimfundisha kabla ya kuhamia Mwanza. Wengine wote waliogopa asidi.

Nikauliza betri zimekufaje.

"Hazijafa, Mwalimu. Zimelishwa vibaya."

"Na nani?"

Akafuta mikono kwa kitambaa, polepole. "Na wewe, waitu," akasema, kwa heshima yote ya Kihaya.

Betri hizi hunywa maji safi yasiyo na chumvi yoyote, yale ya chupa kutoka Bukoba. Mwaka jana niliandika kwamba kununua maji dukani huku chemchemi yetu inatiririka ni utumwa wa akili. Naikumbuka sentensi hiyo, niliipenda. Kamati iliisoma, ikafuta maji ya chupa, ikaamuru maji ya chemchemi. Yale yale tunayobatizia watoto — nani angeyashuku?

"Hukuwakatalia?"

"Niliwakatalia. Wakanisomea gazeti lako."

Nimetembea hadi nyumbani bila kusalimia mtu.

Alhamisi, 9 Mei

Nimesoma vitabu vingi kuhusu mapinduzi ya viwanda. Leo nimeona kiwanda: sufuria ya stili, bakuli katikati yake, mfuniko uliogeuzwa, maji baridi juu ya mfuniko. Mvuke unapanda, unagusa ubaridi, unadondoka bakulini. Tone. Tone. Gaudensia anaweka kiganja juu ya mfuniko, anajua sekunde ya kubadilisha maji. Miaka ishirini ya enkonyagi iko kwenye kiganja hicho. Mrija wake wa shaba ameuacha nyumbani — shaba inaua betri, anasema, "na isitoshe unanuka dhambi zangu." Akacheka peke yake.

Chini ya sufuria umebaki ukoko mwekundu. Ndio ulio ndani ya maji niliyoyasifu.

Asidi chafu ameshaitoa, ametia mpya, anachaji taratibu. Akanipa kipimo: mrija wa kioo wenye kijiti kinachoelea. Jana kilizama kwenye nyekundu. Leo, betri ya kwanza, kimepanda kidole kimoja. Nilishika pumzi kama niko mbele ya altare. Mtu mzima, miaka hamsini na sita.

Maji anaongeza baada ya kuchaji, kamwe si kabla, maana yakipata moto huvimba na asidi humwagika. Na hakuna kuziacha zikauke chaji hata siku moja. "Ni kama mzazi," anasema. "Usimngoje azimie ndiyo umpe uji."

Ijumaa, 10 Mei

Nne ziko kijani. Ya tano inasuasua. Nimeweka sikio juu yake: inachemka kwa sauti ndogo sana, kama mvua inayoanza mbali ziwani.

Nimemfuata mwenyekiti, Datius, nikataka kuiondoa taarifa yangu. Akakataa. Imesainiwa, mnunuzi ameitwa, itasomwa ukumbini baada ya misa na kupigiwa kura. Kigari kikipanda na watu Jumapili, sawa. Kisipopanda, kinauzwa. "Mwalimu, wewe ndiye uliyetufundisha tusiwe na huruma na takataka."

Jumamosi, 11 Mei

Umeme umekatika kwa saa nane nzima. Gaudensia anafuta betri moja moja kwa kitambaa. Mimi nimelalamika kwa niaba yetu wote wawili.

Jumapili, 12 Mei

Naandika nyuma ya ukumbi, mapumziko ya dakika tano.

Mnunuzi alifika saa nne na pickup na kamba. Gaudensia akaninong'oneza: chaji haikamiliki kabla ya saa kumi jioni. Tukikiwasha mapema kitafia katikati ya mlima, mbele ya wote, na hapo ndiyo basi.

Kanuni yetu ya parokia: msoma taarifa hakatizwi, na hakuna kura kabla hajamaliza.

Nilisimama saa tano na nusu. Kurasa nne. Nimezisoma, nikazipinga sentensi kwa sentensi, nikakiri habari ya chemchemi — ukumbi ukaguna — nikaeleza mvuke, ukoko, kiganja cha mjane yule. Ni saa nane na robo. Hawajala. Mnunuzi amelala kwenye pickup. Mama mmoja wa nyuma amesema kwa sauti, Mungu amsamehe aliyempa huyu kalamu.

Jesca amekaa bandani, juu ya kiti cha kigari, miguu imevimba. Amekataa kushuka.

Gaudensia amepita dirishani na kipimo mkononi. Ya sita imeanza kupanda.

Datius anagonga meza, anauliza kama nimebakiza mengi. Nimemwambia ni utangulizi tu uliobaki. Naanza na ukoloni wa Wajerumani.