Trei ya Nyama na Loki ya Difu

Mama,

Usiokee kondoo kwenye trei iliyoko gereji. Baba ameikingia oili ya difu ya gari langu. Nilimwambia, "Mama atatuua!" Akajibu, "Atakuua wewe. Mimi niko chini ya gari."

Jana aliapa kwamba siendi kufundisha kule jangwani. Leo alfajiri nimemkuta akilifungia gari langu loki ya difu, ili magurudumu yote mawili ya nyuma yasukume pamoja nikinasa mchangani. Kasema tu, "Shika tochi, Tegan."

Tumekwenda kuijaribu kwenye mchanga wa mto Finke, ulio mkavu sasa. ~~Tutarudi mchana.~~ Tutarudi jioni, maana Baba anataka tukwame kwanza.

Tafadhali, usimuulize kama amekubali niende. Mpe chai tu, umbusu.

Binti yenu mwalimu