Mwalimu aliposema "take after"

Jumamosi, jioni. Mvua imepita hapa Nandagala, bati bado linadondosha, na mimi nacheka peke yangu.

Jana sikucheka.

Jana kulikuwa na kikao cha wazazi shuleni kwa Hawa, binti wa mume wangu. Mama yake alifariki, akalelewa na shangazi yake huko Nachingwea, mwaka jana akarudi kwetu. Mimi ni Msukuma, wazazi wangu walihamia huku na ng'ombe wao. Hawa ni Mmwera. Ananiita mama mdogo, na tunaishi kwa adabu sana, kama wageni wawili waliopangiwa chumba kimoja.

Kikaoni niliuliza habari ya chakula cha mchana, nikauliza tena na tena, mpaka mwenyekiti akaomba maji. Wakati wa kutoka, mwalimu wa Kiingereza akanipita na pikipiki yake huku akicheka.

"Mama, Hawa anatuchosha darasani! She takes after you!"

Akaondoka.

Njiani nikakichambua kile Kiingereza kwa elimu yangu ya kidato cha nne. "Take" ni kuchukua. "After" ni baada, au nyuma. Anachukua nyuma yangu.

Yaani Hawa ananiibia.

Nakiri, nilipofika nyumbani nilichungulia kopo la sukari. Lakini baba yake sikumwambia. Niliogopa. Neno moja tu la wizi, na huyu mtoto angerudi kwa shangazi yake asinitazame tena.

Leo mchana tukimenya karanga, nikajikaza.

"Hawa, hivi 'take after' maana yake nini?"

"Ni kufanana na mzazi au ndugu, kwa sura au tabia. 'Asha takes after her father', yaani Asha kamfuata baba yake. Usitafsiri neno mojamoja, mama mdogo, utapotea. Kwani nani kasema?"

"Mwalimu wako. Kasema umenifuata mimi."

Mikono yake ikasimama. Nikajua anamwaza marehemu. Nikataka kumwambia mwalimu kakosea, hajui mambo ya nyumbani kwetu.

"Kwenye kuuliza maswali?" akasema.

"Nadhani."

"Basi kapatia. Sura ni ya mama. Huu mdomo ndio wako."

Tulicheka mpaka ungo ukapinduka, karanga zikatapakaa uani.

Sasa nimekaa hapa mlangoni nikijiuliza: alianza lini kunifuata, na mimi muda wote huo nilikuwa natazama wapi?